Maji yaliyogeuka dawa ya vidonda: kisa cha mwanafunzi mmoja na milinganyo ya kikemia

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya sekondari ya kutwa nchini Tanzania, ambako nilikuwa nikifundisha kemia katika kidato cha tatu. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 50, kipindi kilikuwa cha dakika 40, na maabara ilikuwa moja tu, ikitumiwa kwa zamu na masomo ya fizikia, kemia na baiolojia. Jina la shule, mkoa, mwaka na kila jambo ambalo lingemtambulisha mwanafunzi nimeyaondoa, na yeye pamoja na mzazi wake waliridhia kisa kiandikwe.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa binti wa miaka 16 aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kukutana na kemia kwa Kiingereza alipoingia kidato cha kwanza, kama ilivyo kwa wengi. Katika hisabati alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora wa darasa lake, na mara nyingi ndiye aliyewaelekeza wenzake aljebra wakati wa kujisomea. Alama za elementi 20 za mwanzo na valensi zake alizijua kwa kichwa tangu kidato cha pili, na ukimuuliza ghafla fomula ya kalsiamu haidroksaidi alikuandikia bila kusita. Nayataja haya mapema kwa sababu alama zake za kemia ziliposhuka, mimi na wenzangu katika idara tulianza kutafuta sababu pasipo na sababu: tulidhani ni uvivu, tukadhani ni mambo ya nyumbani, na mmoja wetu alidhani hesabu zake si imara kama zilivyoonekana.

Mada ya milinganyo nilikuwa nimeifundisha kwa njia iliyozoeleka. Nilieleza kwamba katika mmenyuko wa kikemia atomu haziumbwi wala haziangamizwi, hupangwa upya tu, na kwa hiyo idadi ya atomu za kila elementi upande wa kushoto wa mshale lazima ilingane na idadi yake upande wa kulia. Nikaandika ubaoni mifano sita, ukiwamo wa magnesiamu inayoungua hewani, wa naitrojeni na haidrojeni zinazotengeneza amonia, na wa sodiamu inayotupwa majini. Tulihesabu pamoja, tukasawazisha pamoja, na darasa zima likaonekana limeelewa.

Zoezi la kwanza

Zoezi lilikuwa na milinganyo 10. Sita ilikuwa ile ile ya ubaoni, minne ilikuwa mipya. Binti huyu aliipata yote sita na kuikosa yote minne, na majibu yake kwa hiyo minne yalikuwa haya:

H₂ + O₂ → H₂O₂

2Fe + O₃ → Fe₂O₃

Al + 3HCl → AlCl₃ + H₃

C₃H₈ + O₁₀ → 3CO₂ + 4H₂O

Niliweka alama ya kosa kwa kila moja, nikaandika kando kwa wino mwekundu kwamba arudie kusoma maelezo, nikaendelea na daftari lililofuata. Sikuona jambo ambalo leo naliona kila ninapoyatazama majibu hayo: yote manne yanalingana kwa hesabu ya atomu. Katika ule wa alumini, kushoto kuna alumini 1, haidrojeni 3 na klorini 3, na kulia ni vivyo hivyo. Katika ule wa propani, ambayo ni sehemu ya gesi tunayopikia majumbani, oksijeni ni 10 kushoto, na kulia ni 6 za kabonidayoksaidi na 4 za maji, jumla 10. Nilikuwa nimemwagiza ahakikishe idadi ya atomu inalingana, naye alitimiza agizo hilo neno kwa neno. Aliyeandika ovyo hawezi kupata ulinganifu wa namna hiyo mara nne mfululizo, na hilo peke yake lingetosha kunisimamisha kama ningekuwa nasahihisha kwa kusoma badala ya kulinganisha na jibu lililoko kichwani mwangu.

Uamuzi wa kwanza: mazoezi zaidi

Nilichoamua ni kumpa milinganyo mingine 20 ya kufanya nyumbani, pamoja na kanuni niliyoiandika kwa herufi kubwa juu ya karatasi: namba ya chini, ile ndogo iliyo ndani ya fomula, haiguswi. Sababu yangu ilikuwa ya haraka. Nilikuwa nyuma ya azimio la kazi kwa wiki nzima, dhana ya moli, kipimo ambacho wanakemia huhesabia chembe, ilikuwa ikisubiri, na niliamini kwamba jambo ambalo mwanafunzi hakulishika kwa mifano sita atalishika kwa ishirini.

Karatasi ilirudi baada ya siku tatu ikiwa na makosa ya aina mpya. Mlinganyo wa maji sasa ulisomeka H₂ + O₂ → H₂2O. Alikuwa amehitaji oksijeni mbili upande wa kulia, alikuwa amekatazwa kugusa namba ya chini, basi akaichomeka 2 kubwa katikati ya fomula, mbele ya O. Katika milinganyo mingine alibahatisha namba kubwa za mbele mpaka akachoka, na sita za mwisho aliziacha wazi. Jambo hilo liliniumiza kuliko alama, kwa kuwa sikuwahi kumwona akiacha swali wazi katika somo lolote. Nilikuwa nimemwongezea katazo bila kumpa sababu ya katazo, na mtoto mwenye akili akikatazwa bila sababu hutafuta njia ya kulizunguka.

Uamuzi wa pili: kumsikiliza

Siku iliyofuata nilimwomba abaki dakika chache baada ya masomo, tukakaa barazani nje ya ofisi ya walimu, na nikaamua mazungumzo yawe kwa Kiswahili kitupu. Darasani tulizungumza Kiingereza, na kwa Kiingereza nilikuwa nimepata kwake majibu ya neno moja tu: ndiyo, nimeelewa. Sikuwa nimewahi kusikia sentensi yake nzima kuhusu jambo hili.

Nilimwomba anieleze alivyofikia O₁₀. Alisema, “Mwalimu, zinatakiwa oksijeni kumi. Tano mara mbili ni kumi, kwa hiyo 5O₂ na O₁₀ ni kitu kimoja, hii ya pili imerahisishwa tu.”

Nilinyamaza kidogo. Katika hisabati alikuwa na haki kabisa: mara 5 ya 2x ni 10x, na mwalimu wa hisabati angemkata alama kama angeacha bila kurahisisha. Somo la hisabati linaita mlinganyo, somo la kemia nalo linaita mlinganyo, na hata katika Kiingereza cha darasani neno ni moja kwa masomo yote mawili. Hakuna aliyemwambia kwamba katika somo la pili namba mbili zilizoandikwa karibu karibu hazizidishwi na kuunganishwa kuwa moja.

Nikampa kalamu na kumwomba achore 5O₂, kisha O₁₀. Alichora duara 10 katika safu, na chini yake duara 10 nyingine katika safu. Nilimuuliza zimeshikanaje. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, akasema, “Kwani zinashikana, mwalimu?”

Hapo ndipo nilipoelewa kisa chote. Kwake fomula ilikuwa orodha ya idadi, mfano wa orodha ya vitu vya dukani: haidrojeni kadhaa, oksijeni kadhaa. Hakuwahi kuisoma kama jina la kitu kimoja kilichoshikamana chenye tabia zake. Namba ya chini inaeleza kitu hicho kimeundwaje, namba ya mbele inaeleza viko vingapi, na tofauti hiyo haiwezi kuonekana kwa kuhesabu atomu, maana hesabu ya jumla hutoka ile ile kwa njia zote mbili. Mazoezi 20 niliyompa yalikuwa mazoezi ya kuhesabu, na kuhesabu ndicho kitu alichokiweza tayari.

Uamuzi wa tatu: kuonyesha kwamba namba ya chini ni kitu kingine

Niliamua kulipeleka jambo hili kwa darasa zima, kwa sababu nilipofungua tena madaftari niliyokwisha kusahihisha niliona O₃ na H₃ katika madaftari ya wengine pia. Nilinunua duka la dawa kichupa cha haidrojeni peroksaidi, ile ile inayotumika kusafishia vidonda, nikaleta na kiazi mviringo kimoja kibichi.

Nilikata vipande viwili vya kiazi. Juu ya kimoja nilidondosha maji, juu ya kingine peroksaidi. Cha kwanza kilikaa kimya, cha pili kikatoa povu jeupe, kwa sababu kiazi kina kimeng’enya kinachoivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Kisha nikamimina peroksaidi kidogo katika neli ya jaribio yenye unga wa manganizi dayoksaidi, na mwanafunzi mmoja akashusha ndani ya neli kijiti kilichozimwa kikiwa bado na kaa jekundu. Kikawaka tena. Nikaandika ubaoni 2H₂O₂ → 2H₂O + O₂, na chini yake nikaandika H₂O na H₂O₂ kando kwa kando, nikamuuliza binti wangu, mbele ya wenzake lakini kwa upole, kama angekubali kunywa hiyo ya pili. Alicheka, akasema hapana. Alikuwa ameona kwamba ile 2 ndogo aliyoiongeza katika zoezi la kwanza ilikuwa imetoa maji na kuleta dawa ya vidonda.

Mfano wa pili haukuhitaji jaribio, na singethubutu kuufanyia jaribio. Wanafunzi wote walikuwa wamesikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa wasiamke. Mkaa ukipata hewa ya kutosha, C + O₂ → CO₂. Hewa ikipungua, 2C + O₂ → 2CO, na hiyo kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, hushika himoglobini ya damu kuliko oksijeni inavyoishika, na ndiyo inayoua. Kati ya CO₂ na CO tofauti kwenye karatasi ni namba moja ndogo. Darasa lilitulia, na hakuna mwanafunzi aliyeniuliza tena kwa nini namba ya chini haiguswi.

O₃ aliyoiandika katika mlinganyo wa kutu ilistahili neno lake pia. Nilimwambia kwamba kitu hicho kipo, kinaitwa ozoni, kiko juu angani kikituzuilia miale mikali ya jua, na ukikivuta kwa wingi kinadhuru mapafu. Hewa ya kawaida inayokutusha chuma hutoa O₂.

Uamuzi wa nne: sahani na vizibo

Kujua kwamba jambo limekatazwa, hata kwa sababu nzuri, hakumwambii mtu afanye nini badala yake. Kwa hiyo tulikusanya vizibo vya soda kwa wiki moja, tukavipaka rangi, nyeupe kwa haidrojeni, nyekundu kwa oksijeni, nyeusi kwa kaboni, na tukakata makaratasi magumu ya maboksi kuwa vipande vya ukubwa wa sahani ndogo. Kila molekuli ilikaa kwenye sahani yake. Sheria ilikuwa moja: unaruhusiwa kuongeza sahani nzima inayofanana na iliyopo, huruhusiwi kuongeza wala kupunguza kizibo ndani ya sahani.

Kwa siku mbili za kwanza nilikosea jinsi ya kuvitumia. Nilimwambia kila mwanafunzi ajenge upande wa kushoto kwa vizibo vyake na upande wa kulia kwa vizibo vingine, kisha ahesabu. Wengi walilinganisha vizuri, lakini nilipouliza oksijeni ya upande wa kulia imetoka wapi, mmoja alinijibu imetoka kwenye boksi la vizibo. Jibu lilikuwa sahihi kwa mchezo nilioutengeneza na potofu kwa kemia. Siku ya tatu nikabadilisha: vizibo vinajenga upande wa kushoto peke yake, boksi linafungwa, na sahani za upande wa kulia zinajengwa kwa kuvihamisha vile vile. Kizibo kikibaki bila sahani, au sahani ikibaki na pengo, rudi kushoto uongeze sahani nzima.

Binti huyu alianza na maji. Sahani moja ya H₂, sahani moja ya O₂. Alijenga sahani ya maji, akabaki na kizibo chekundu kimoja mkononi. Alikishika muda mrefu. Hakukiingiza kwenye sahani ya maji, kama ambavyo angefanya wiki mbili kabla. Alianza sahani ya pili ya maji, akaona hana nyeupe, akaomba sahani nyingine ya haidrojeni, akamaliza. Ndipo akachukua daftari na kuandika 2H₂ + O₂ → 2H₂O, akanionyesha, akasema, “Mwalimu, namba ya mbele ni idadi ya sahani.” Sikuwa nimewapa maneno hayo. Ni yake, na tangu siku hiyo nafundisha kwa maneno yake.

Kutoka kwenye vizibo tulihamia kwenye michoro ya duara zilizogusana, kisha kwenye jedwali la hesabu, na mwisho kwenye mlinganyo mtupu kwa istilahi za Kiingereza za mtihani.

Matokeo

Baada ya wiki tatu niliwapa milinganyo 10 ambayo hakuna hata mmoja uliokuwa umewahi kuandikwa ubaoni. Binti huyu alipata 8. Hakuna namba ya chini aliyoigusa, na ule wa chokaa, CaCO₃ → CaO + CO₂, aliuacha ulivyo akaandika kando kwamba umeshalingana, jambo ambalo wanafunzi kadhaa walioizoea kanuni ya kuongeza namba hawakuthubutu kulifanya.

Aliyoikosa miwili inafundisha zaidi ya ile aliyoipata. Katika kuvunjika kwa risasi naitreti alihesabu oksijeni za Pb(NO₃)₂ kuwa 3, kwa maana 2 iliyo nje ya mabano aliipeleka kwa naitrojeni peke yake. Hilo ni pengo la kusoma mabano, na vizibo vyangu havikuwa na mabano. Katika kuungua kwa butani alifika C₄H₁₀ + O₂ → 4CO₂ + 5H₂O, akahesabu oksijeni 13 upande wa kulia, akaandika: “zinatakiwa sahani sita na nusu, sahani haikatwi”, akaishia hapo. Nilimpa nusu ya alama, na bado nafikiri nilimpunja. Fikra yake ilikuwa safi kabisa, kilichokosekana ni wazo la kurudi mwanzo na kuweka sahani mbili za butani, ili ipatikane 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O. Nilipomwonyesha alilishika papo hapo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza kabisa ni mazungumzo ya dakika 15 barazani, tena kwa lugha ambayo mtoto angeweza kubishana nayo. Peroksaidi na vizibo vilikuja baadaye, na vilifaa kwa sababu nilishajua vinatibu nini. Kama ningevileta wiki ya kwanza, kabla ya kusikia kwamba 5O₂ na O₁₀ kwake ni kitu kimoja, huenda angevihesabu tu vizibo kama alivyohesabu duara zake.

Naona pia kwamba kosa lake lilizaliwa na nguvu yake, na ndiyo maana lilikuwa gumu kuonekana. Mwanafunzi dhaifu wa hisabati huacha mlinganyo haujalingana, na mwalimu huona mara moja. Yeye alileta ulinganifu kamili kwa kutumia sheria ya somo jingine. Tangu hapo, nikiona jibu lisilo sahihi, huhesabu kwanza kama limelingana, na likiwa limelingana humwita mwenye daftari.

Haikuwa haki kumtarajia aone mwenyewe kwamba oksijeni hutembea mbili mbili. John Dalton, aliyeiweka nadharia ya atomu katika kemia mwaka 1808, aliamini kwamba maji ni haidrojeni moja na oksijeni moja. Amedeo Avogadro alipendekeza mwaka 1811 kwamba chembe za gesi kama hizi zinaweza kuwa za atomu zaidi ya moja, na wanakemia walichukua karibu miaka 50 kukubaliana naye, hasa baada ya Stanislao Cannizzaro kuitetea hoja hiyo katika mkutano wa Karlsruhe mwaka 1860. Mimi nilikuwa nimeliandika ubaoni kama jambo dogo la kukariri, elementi saba zinazoandikwa kwa 2 chini, bila kumwambia mtu kwamba ile 2 imepatikana kwa majaribio na kwamba hakuna hesabu ya daftarini inayoweza kuizalisha.

Sahani na vizibo vina mipaka, na mwalimu atakayevitumia aseme hivyo mapema. Magnesiamu oksaidi haina molekuli za pekee, ni mpangilio mrefu wa ayoni, yaani chembe zenye chaji, na sahani yake ni kielelezo cha uwiano tu. Muda nao uliliwa: wiki tatu kwa mada niliyoipangia wiki moja na nusu, na niliufidia kwa kufupisha sehemu ya dhana ya moli. Sehemu iliyobaki ilienda haraka kuliko miaka ya nyuma, kwa sababu darasa lililozoea kusema idadi ya sahani halikuhitaji kuelezwa sana maana ya uwiano wa moli.

Kasoro iliyo kubwa zaidi niliiona katika jaribio hilo hilo la mwisho, na ilikuwa yangu. Swali la tisa liliwataka wasawazishe shaba na asidi ya haidrokloriki. Binti huyu aliandika Cu + 2HCl → CuCl₂ + H₂, nami nikampa alama yote. Mlinganyo unalingana, sahani ni nzima, fomula ni sahihi, na mmenyuko wenyewe hautokei, maana shaba haiwezi kuiondoa haidrojeni katika asidi hiyo. Niliwaambia hivyo wakati wa kurudisha karatasi. Akanyosha mkono: “Sasa, mwalimu, tutajuaje kama kitatokea?”

Tuliweka kipande cha waya wa shaba katika neli yenye asidi iliyochanganywa na maji, na kando yake kipande cha zinki katika neli nyingine. Ya pili ilianza kutoa mapovu mara moja. Ya kwanza tuliiacha maabara hadi kipindi kilichofuata, na waya ulikuwa vile vile. Mada ya mfuatano wa utendaji wa metali ilikuwa mbele sana katika azimio langu la kazi; niliivuta, tukaianza wiki hiyo hiyo.